Siri za Frimasoni wa Ufaransa zilitunzwa na maadui zao

Usiku wa tarehe 10 Septemba 1737 kamishna mmoja wa polisi wa Paris, anaitwa Lespinay, alifika kwenye baa ya muuza mvinyo Chapelot, maeneo ya La Rapée pembeni ya mto Seine. Nje akakuta msururu wa magari ya farasi, tena ya watu wazito, na ndani wanaume kibao wamevaa aproni nyeupe za ngozi, shingoni utepe wa hariri wa bluu, na kwenye ncha ya utepe mmoja kaning'iniza guni, mwingine bikari, mwingine mwiko. Meza imepangwa sahani kama harusini. Kamishna akawasomea kwamba mikusanyiko ya namna hii imepigwa marufuku, na siku nne baadaye hukumu ikatoka: Chapelot alipe faini ya livre 1,000 na baa yake ifungwe miezi sita, mlango ujengewe ukuta kabisa. Wale waheshimiwa wenye magari ya farasi hakuguswa mtu.

Mimi hapo huwa nacheka. Waashi wa kweli, wenye chokaa kwenye kucha, wanaitwa kuziba mlango kwa sababu ya waashi wa kuigiza, yaani frimasoni, waliokuwa ndani wanakula nyama. Na Kiswahili sijui kilijuaje hii stori maana mwiko kwetu ni kile kifaa cha kupakia udongo ukutani na hapohapo mwiko ni lile jambo ambalo halisemwi.

Ila kilichonifanya nianze na Chapelot ni kingine. Tunajuaje rangi ya utepe? Tunajuaje nani alining'iniza nini? Tunajua kwa sababu polisi aliandika ripoti. Ukikaa na historia ya vyama vya siri vya Ufaransa hiki kitu kinajirudia mpaka kinachekesha, yaani karibu kila tunachokijua kiliandikwa, kikakusanywa au kikaibwa na mtu aliyekuwa anawachukia. Mapolisi, mapadri, tapeli mmoja wa Marseille, karani msaliti, halafu Wanazi, halafu Warusi. Wenye siri wenyewe walikuwa wabovu sana kuitunza, bana.

Kabla sijaenda mbali niliseme hili maana najua linazunguka kichwani mwako. Huku kwetu neno frimasoni lina maisha yake ya mtaani. Msanii akinunua gari, kajiunga. Mfanyabiashara akifiwa, katoa kafara. Nguzo za umeme zimejaa vikaratasi vya "jiunge upate utajiri" na namba ya simu, na jirani yangu mmoja alitumaga hela ya fomu, akaambiwa kuna ya pete, akatuma, akaambiwa kuna ya usafiri wa wakubwa wanaokuja kumpokea, hapo ndo salio likaisha na simu ikawa haipokelewi. Huo ni utapeli tu. Frimasoni halisi wapo Afrika Mashariki tangu enzi za mkoloni na hawajifichi kihivyo, marehemu Sir Andy Chande, mfanyabiashara mkubwa wa Tanzania, alisema hadharani kuwa ni mmoja wao na aliwaongoza huku. Ila hao ni tawi la Kiingereza na makala hii ni ya Wafaransa, ambao ni ndugu zao waliogombana nao, ntafika huko.

Sasa tuutatue huu mkanganyiko. Watu wakisema "vyama vya siri vya Ufaransa" huwa wanachanganya vitu vitatu kwenye sufuria moja. Kuna vyama vya mafundi vijana, kuna frimasoni, na kuna wapanga mapinduzi waliojiita Wachoma Mkaa. Wote wana viapo, wote wana ishara za kutambuana, wote wanaitana ndugu au binamu, lakini kazi zao hazifanani hata kidogo.

Mafundi ndo wakongwe. Tuwaite makompanyoni. Hawa walikuwa maseremala, waashi, washona viatu, wafua chuma, vijana waliomaliza kujifunza kazi lakini hawana mtaji wala nafasi ya kuwa mabosi, kwa hiyo walizunguka Ufaransa mji hadi mji kwa miaka kadhaa wakifanya kazi kwa mabwana tofauti. Kila mji walikuwa na nyumba ya kufikia, na mwenye nyumba aliitwa Mama. Unafika na fimbo yako na tepe zako za rangi, unajieleza, Mama anakupa kitanda na chakula, wenzako wanakutafutia kazi, ukiugua wanakuuguza, ukifa wanakuzika. Kama hiyo haikukumbushi chama cha kufa na kuzikana basi sijui. Na kuingia ilikuwa kama jando: kuna usiku wake, kuna maneno yake, unapewa jina jipya, na ambaye hajapita hasimuliwi. Sisi hatushangai kwanini aliyetoka jandoni hasemi alichofundishwa na nyakanga, ila Ulaya hilo lilitosha kukuletea kesi.

Na kesi ilikuja. Machi 1655 wanazuoni wa teolojia wa Chuo cha Paris walitoa tamko la kulaani ibada za kuingia za mafundi watengeneza matandiko ya farasi, washona viatu, washona nguo, watengeneza visu na watengeneza kofia, wakisema wanaigiza ubatizo na misa kwa mkate, mvinyo na chumvi. Kwenye ile lawama wakaeleza ibada zenyewe hatua kwa hatua, na leo hayo ni kati ya maelezo ya zamani kabisa tuliyonayo. Ila utamu uko hapa: waliokuwa nyuma ya kampeni hiyo ni kundi la Wakatoliki wacha Mungu lililoitwa Kampuni ya Sakramenti Takatifu, lililoanzishwa na mtawala wa Ventadour karibu na 1630, na lenyewe lilikuwa chama cha siri! Wanachama hawatajwi, barua zinafichwa, kazi yao ni kuchunguza maadili ya watu bila watu kujua. Kwa hiyo chama cha siri kilikifichua chama cha siri kingine. Nyani haoni kundule.

Makompanyoni walikuwa na ugonjwa wao, ugomvi. Walijigawa makundi, wengine wana wa Suleimani, wengine wa Bwana Jacques, wengine wa Baba Soubise, kila kundi lina hadithi yake ya jinsi lilivyotokana na ujenzi wa hekalu la Mfalme Suleimani. Wawili wakikutana barabarani wanasimama kwa mbali kidogo, mmoja anapaza sauti "Tope!", mwenzake anajibu, wanaulizana kazi na kundi. Wakiwa wa kundi moja wanakunywa pamoja. Wakiwa mahasimu zile fimbo zenye tepe zinafanya kazi nyingine, na watu walikufa kweli. Seremala mmoja aliyezaliwa 1805 karibu na Avignon, Agricol Perdiguier, jina lake la chama Avignonnais la Vertu, akachoka. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kizima kuhusu makompanyoni, nyimbo zao, hadithi zao, mavazi yao, akiamini kwamba wakijisoma wataona ujinga wa kuuana. Huyu ni mmoja wa wachache waliotoboa siri kwa mapenzi. Wengine walimwona msaliti, ila 1848 alichaguliwa mbunge, na rais Louis-Napoléon alipofanya mapinduzi Desemba 1851 akajikuta uhamishoni. Karne iliyotangulia kulikuwa na fundi vioo wa Paris, Jacques-Louis Ménétra, aliyeandika maisha yake ya kuzunguka bila kuweka nukta wala koma, sentensi inakimbia kurasa na kurasa, na muswada wake ukakaa mpaka mwanahistoria Daniel Roche akautoa 1982. Mkinilaumu kwa sentensi ndefu mkamlaumu na yeye. Makompanyoni bado wapo, UNESCO waliwaweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2010, na bado kijana lazima atengeneze kazi yake moja ya kuonyesha umahiri.

Haya, frimasoni. Hawa walichukua msamiati wa waashi lakini hawakujenga hata kibanda. Asili yao ni Uskoti na Uingereza, na karibu na 1725 Waingereza na Waskoti waliokimbilia Paris kwa sababu ya kumuunga mkono mfalme aliyepinduliwa wakaanzisha loji za kwanza pale (loji ya vikao, sio ya kulala). Wafaransa wa tabaka la juu wakaona hii ni fasheni. Mkuu wa polisi Hérault, bosi wa yule kamishna Lespinay, akatafuta maelezo ya jinsi mtu anavyoingizwa, na inasimuliwa kwamba aliyapata kupitia mchezadansi wa opera aitwaye Carton, ambaye alimchokonoa mpenzi wake chumbani. Mwisho wa 1737 maelezo yakatoka kwenye karatasi yakauzwa mtaani kama njugu. Mkakati wake ulikuwa kuwafanya wachekwe.

Na ukiisoma unaona kwanini angefikiri watachekwa. Mgombea anawekwa chumba cha giza, anavuliwa kila kitu cha chuma, vifungo, pete, bizimu za viatu, goti la kulia linaachwa wazi, kiatu cha kushoto anakivaa kama ndala, anafungwa kitambaa machoni, anaachwa pale kama saa nzima awaze. Kisha anazungushwa mara tatu chumba kikubwa ambapo sakafuni pamechorwa nguzo mbili za hekalu la Suleimani. Anaapa kwamba akitoa siri ulimi wake ung'olewe, moyo upasuliwe, mwili uchomwe na majivu yatupwe upepo uyachukue. Baada ya kiapo hicho cha kutisha anapewa zawadi: aproni nyeupe, glavu zake, na glavu za mwanamke anayempenda kuliko wote. Mimi hizo glavu za pili huwa zinanifurahisha kuliko kitu kingine chote kwenye historia hii. Mtu ametoka kuapa akitoa siri ang'olewe ulimi, halafu anarudi nyumbani na glavu za kike mkononi, na mke wake asiulize?

Mpango wa Hérault ulibuma. Kumbe watu wakisoma kitu cha ajabu hawacheki tu, wanataka kuingia. Papa Clement XII akalaani frimasoni Aprili 1738, lakini Ufaransa tamko la Papa lilihitaji kusajiliwa na mahakama kuu ya Paris ndo liwe sheria, na halikusajiliwa, kwa hiyo mapadri wa Kifaransa waliendelea kujiunga kana kwamba hawajasikia. Mwaka 1773 ikaundwa Grand Orient de France, chombo kikuu cha loji, chini ya binamu wa mfalme, na kuelekea 1789 kulikuwa na mamia ya loji nchi nzima. Mwandishi Voltaire mwenyewe aliingizwa loji ya Neuf Sœurs tarehe 7 Aprili 1778, mzee wa miaka 83, akiwa ameshika mkono wa Benjamin Franklin, na mwezi uliofuata akafa. Hao walikuwa masupastaa, loji ya kawaida ilikuwa ya mawakili, wafanyabiashara, maofisa wa jeshi, madaktari. Mkulima hakuna. Mtumishi wa ndani hakuna. Undugu ulikuwa na bei ya kiingilio.

Wanawake waliwekewa loji zao za pembeni zikiitwa za kuasiliwa, chini ya usimamizi wa wanaume. Januari 1882 loji moja ndogo pale Le Pecq ilimwingiza Maria Deraismes, mtetezi wa haki za wanawake, ikawa fujo kubwa, na 1893 yeye na Georges Martin wakaanzisha chama chao cha jinsia zote, Droit Humain. Grand Orient wao walikubali loji zao kuingiza wanawake mwaka 2010. Sikukosea tarakimu.

Kisha Mapinduzi ya 1789, na hapa ndo ule uzushi mkubwa unapozaliwa. Padri mmoja Mjesuiti, Augustin Barruel, alikimbilia London, na 1797 na 1798 akatoa vitabu mfululizo akidai mapinduzi yote yalipangwa kabla na wanafalsafa, frimasoni na Illuminati, chama cha siri cha Bavaria kule Ujerumani. Illuminati walikuwepo kweli, walianzishwa na profesa Weishaupt 1776, na serikali ya Bavaria iliwavunja katikati ya miaka ya 1780, yaani kabla mapinduzi hayajaanza. Barruel hakujali. Na angalia ujanja wake, kwa vile alikuwa anakula ugali wa Waingereza aliwatoa frimasoni wa Kiingereza kwenye lawama, akasema hao ni watu wazuri. Kitabu chake kilisomwa Ulaya nzima, na meseji unayotumiwa kwenye grupu la familia kuhusu Illuminati ni mjukuu wa kitabu hicho, imebadilishwa nguo tu.

Ukweli ni kwamba frimasoni walikuwa pande zote. Joseph de Maistre, adui mkubwa kabisa wa mapinduzi kwa kalamu, alikuwa frimasoni. Mkuu wa Grand Orient, yule binamu wa mfalme aliyejibadili jina akawa Philippe Égalité, alipiga kura mfalme auawe, mwanzoni mwa 1793 akaandika gazetini kwamba ameachana na frimasoni, na Novemba mwaka huo huo akakatwa kichwa. Loji nyingi sana zilifungwa. Kama ile ilikuwa njama yao basi walijipanga vibaya kuliko wapanga njama wowote duniani.

Lakini tusiishie kucheka, maana swali lenyewe lina akili ndani yake: kama hawakupanga, je, hawakuchangia kitu? Mwanahistoria Augustin Cochin, Mkatoliki, mhafidhina, aliyeuawa vitani 1916 akiwa na miaka 39, alisema acheni kutafuta wapanga njama, tazameni mashine. Unawaweka watu wa vyeo tofauti chumba kimoja, mtoto wa kabaila na wakili, mnapiga kura, mnachagua viongozi, mnajadili mpaka mnapata kauli moja. Ukifanya hivyo miaka 50 umewazoesha watu siasa ya aina mpya bila hata mmoja wao kukusudia. Alikaa amesahaulika mpaka François Furet alipomfufua 1978. Na Maurice Agulhon, ambaye kwangu ndiye bora kuliko wote, mwaka 1968 alionyesha kwamba kule Provence wanaume walewale, koo zilezile, waliokuwa kwenye vyama vya kidini vya watubu wenye kofia za kufunika uso, ndo walihamia loji za frimasoni. Watu wanapenda kukaa pamoja, kula pamoja, kuzikana, na kama kanisa halikukidhi watatafuta chumba kingine. Baada ya Agulhon watafiti waliacha kuuliza "siri yao nini" wakaanza kuuliza nani alikaa na nani.

Wachoma Mkaa ntawapita haraka, ingawa wao ndo chama cha siri cha kweli kwa maana ya njama. Ilikuwa 1821, wafalme wamerudishwa baada ya Napoleon, na vijana wa Paris wakaiga mfumo wa Italia: seli ndogo ndogo, watu wa seli moja hawajui wa nyingine, kila mwanachama awe na bunduki na risasi, na msamiati wa msituni wa wachoma mkaa. Walijaribu maasi, yakafeli. Masajini wanne wa jeshi, kikosi chao kikiwa La Rochelle, walikatwa vichwa Paris tarehe 21 Septemba 1822 bila kutaja wakubwa zao. Hao walitunza siri. Walikuwa na sababu.

Sasa kaa vizuri, tunaingia kwa Léo Taxil. Jina lake halisi Gabriel Jogand-Pagès, kazaliwa Marseille 1854, mwandishi wa vijitabu vya kuwatukana mapadri na Papa. Mwaka 1885 akatangaza ameongoka, amerudi kanisani, na sasa atafichua frimasoni. Kanisa likampokea kwa mikono miwili, 1887 Papa Leo XIII akampa nafasi ya kuonana naye. Na Taxil akaanza kumwaga mambo: ndani ya frimasoni kuna kundi la juu zaidi linaloabudu Lusifa, mkuu wake ni Mmarekani Albert Pike, pepo wanatokea kwenye vikao, na kwenye kisa kimoja meza inageuka mamba anayepiga piano. Mamba. Piano. Na watu wazima waliosoma wakaamini! Akabuni mwanamke, Diana Vaughan, kuhani wa Lusifa aliyeokoka, akamwandikia kumbukumbu zake na sala zake, na mwaka 1896 kwenye kongamano la kupinga frimasoni mjini Trento wajumbe walibishana kwa uchungu kama huyu dada yupo au hayupo.

Tarehe 19 Aprili 1897 Taxil aliita waandishi na mapadri kwenye ukumbi wa Chama cha Jiografia, boulevard Saint-Germain, waje wamwone Diana. Kwanza wakachezesha bahati nasibu ya taipureta. Kisha akapanda jukwaani peke yake akawaambia kwa upole kwamba hakuna Diana, hakuna kundi la Lusifa, yote ni utani wa miaka 12, na akawashukuru mapadri kwa ushirikiano. Ukumbi ukalipuka, ikabidi polisi wamsindikize atoke.

Cha ajabu ni kwamba kukiri kwake hakukusaidia kitu. Yale maneno ya "Albert Pike" kuhusu Lusifa aliyoyabuni bado yanatembea, nimeyakuta kwenye video za Kiswahili, jamaa anayasoma kwa sauti nzito na muziki wa kutisha nyuma. Mwongo alishasema nimedanganya, na bado anaaminiwa zaidi kuliko wanaosema ukweli.

Nisije nikaonekana mtetezi wao, kuna mahali walishikwa na mzigo kweli. Mwaka 1877 Grand Orient, kwa hoja ya mchungaji wa Kiprotestanti aitwaye Frédéric Desmons, walifuta sharti la mwanachama kumwamini Mungu, na hapo ndo Waingereza wakavunja nao uhusiano mpaka leo, ule ugomvi niliousema mwanzo. Grand Orient ikazidi kuwa ya siasa, upande wa jamhuri dhidi ya kanisa. Kuanzia 1900 Waziri wa Vita, Jenerali Louis André, alitaka kujua maofisa gani wa jeshi ni wafuasi wa jamhuri na nani ni watu wa kanisa, na badala ya kuuliza kwa njia za serikali, ofisi yake ikaomba msaada kwa loji. Loji nchi nzima zikaandika kadi: fulani anaenda misa, fulani kawapeleka watoto shule ya masista. Maelfu ya kadi, na kupandishwa cheo kukategemea hizo. Karani wa Grand Orient, Bidegain, akaziuza nakala kwa wapinzani, na 28 Oktoba 1904 mbunge Guyot de Villeneuve akasimama bungeni akaanza kuzisoma kwa sauti. Siku saba baadaye mbunge Syveton alimzaba makofi waziri humohumo ndani ya bunge. André akajiuzulu, na serikali nzima ikadondoka Januari 1905. Huu haukuwa uzushi wa mtu, ni watu waliojiita ndugu wakiandikana majina gizani, na haki yao walaumiwe.

Miaka 36 baadaye wakaandikwa majina wao. Ufaransa ikaanguka mikononi mwa Wajerumani wa Hitler Juni 1940, na tarehe 13 Agosti serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana nao, ikapiga marufuku vyama vya siri, kila mtumishi wa umma akatakiwa asaini kwamba si mwanachama. Aliyepewa kazi ya kuwashughulikia alikuwa mwanahistoria wao, Bernard Faÿ, profesa aliyewahi kuandika kitabu kuhusu frimasoni wa karne ya 18 mwaka 1935. Akapewa Maktaba ya Taifa baada ya mkurugenzi wake Julien Cain, Myahudi, kufukuzwa, na pale Faÿ akakusanya nyaraka za loji, akaendesha jarida, akajenga kabati la kadi za watu. Kuanzia Agosti 1941 maelfu ya majina yakachapwa kwenye gazeti la serikali, walimu na makarani wakapoteza kazi, wengine wakapelekwa makambini. Faÿ alikamatwa 1944, akahukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu, akatoroka 1951 kwenda Uswisi. Mtafiti aliyegeuka polisi. Ila kwa sababu alikusanya, na kwa vile maktaba ilibaki na sehemu ya alichokusanya, watafiti wa leo wanasoma humohumo.

Sehemu nyingine ya nyaraka Wajerumani waliipakia wakaenda nayo kwao. Jeshi la Sovieti lilipoingia likazikuta, likazipeleka Moscow, zikawekwa kwenye hifadhi maalumu isiyotajwa, na kwa karibu miaka 50 frimasoni wa Ufaransa walidhani zimeungua. Ilijulikana zipo mwanzoni mwa miaka ya 1990, Sovieti ilipovunjika, na kufikia mwisho wa mwaka 2000 Grand Orient wakaanza kupokea maboksi yao, mamia, pale makao yao makuu, rue Cadet, Paris. Watafiti kama Pierre-Yves Beaurepaire wakapata barua ambazo hakuna aliyezisoma tangu kabla ya vita. Siri imelindwa na Warusi kuliko ilivyolindwa na wenyewe!

Na ndani ya nyaraka za loji kuna nini? Orodha za wanachama na kazi zao. Barua za mapendekezo za mtu anayesafiri kwenda bandari nyingine. Ombi la mjane. Msamiati wa mezani, maana kwenye karamu zao glasi iliitwa mzinga, divai iliitwa baruti, na kunywa pamoja kukaitwa kupiga moto, yaani watu wazima wanacheza vita na chupa. Na kuna mtandao wa bandari: Bordeaux, Nantes, Saint-Domingue (Haiti ya leo), mpaka Port Louis kule Île de France, ambayo leo ni Mauritius, ilipoanzishwa loji ya Triple Espérance mwaka 1778. Hapo mimi huwa nasimama kidogo. Miaka miwili tu kabla, mwaka 1776, mfanyabiashara wa Kifaransa Morice alisaini na Sultani wa Kilwa mkataba wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, na soko lake lilikuwa visiwa hivyohivyo. Loji iliyohubiri kwamba watu wote ni ndugu ilikuwa kwenye mji ulioishi kwa jasho la watu waliopakiwa Kilwa. Hilo halikuwa siri, lilikuwa bandarini mchana kweupe. Baadaye sana, 1848, aliyesukuma sheria ya kufuta utumwa kwenye makoloni ya Ufaransa ni Victor Schœlcher, na yeye frimasoni, kwa hiyo kwa mara nyingine tena walikuwa pande zote.

Kitu kingine kilichojaa kwenye hizo karatasi, na hapa namkumbuka jirani yangu na hela yake ya pete, ni malalamiko ya fedha. Grand Orient inaiandikia loji: hamjaleta michango. Loji inajibu: ndugu zetu wamesafiri, mvumilie kidogo. Wanaandikiana hivyo miaka na miaka, na katika mafungu yote hayo yaliyopita kwa polisi, kwa Faÿ, kwa Wajerumani na kwa Warusi, ndugu anayedaiwa ada yupo kila loji.